Kuhusu enka ya mdogo wako: Jumamosi asicheze kwanza

Mkuu, pole kwa mdogo wako. Umesema aliteguka enka ya kushoto kwenye chandimu wiki tatu zilizopita, uvimbe umekwisha, anatembea vizuri, na Jumamosi timu yake ina mechi. Jibu fupi: asicheze. Jibu refu nalitoa kwa sababu mimi pia enka yangu, nayo ya kushoto, niliitegua hapa Tanga, soko la samaki Deep Sea, nikishuka kwenye mashua na tenga begani. Nilikanyaga jiwe lenye mwani, unyayo ukalala kwa ndani.

Unyayo ukilala hivyo, zinazoumia ni kano za upande wa nje, zile zinazoufunga ule mfupa mwembamba wa nje na mifupa ya unyayo. Kano ya mbele ndiyo huumia mara nyingi zaidi. Ikivutika kidogo, mtu hurudi kwenye shughuli zake ndani ya wiki 1 hadi 3. Ikichanika sehemu, wiki 3 hadi 6. Ikikatika kabisa, weka akilini miezi 3 au zaidi. Kwa hiyo hizo wiki tatu za mdogo wako hazisemi kitu mpaka ijulikane yuko kundi gani.

Eksirei uliyouliza, si kila aliyeteguka anaihitaji. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni mwaka 1992 ambayo bado inatumika duniani: mgonjwa apigwe picha kama hakuweza kupiga hatua nne, pale alipoumia na hata alipofika kwa daktari, au kama anaumia ukibonyeza mfupa wenyewe. Kwenye kifundo wanabonyeza sentimita 6 za mwisho, ukingo wa nyuma hadi nchani, nje na ndani. Kwenye unyayo wanabonyeza kile kinundu cha pembeni upande wa kidole kidogo, na mfupa ulio mbele kidogo ya kifundo kwa ndani. Kama mdogo wako bado anaruka ukimbonyeza hapo, mpeleke kesho, habari ya mechi muisahau.

Siku za mwanzo sizielezi sana maana zimempita. Bandeji ya kuvutika, mguu juu ya mto, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kupunguza maumivu, basi. Ila kuhusu kuchuliwa, maana najua nyumbani kwenu kuna mtu ameshataja mafuta ya moto: mzee anayechua mtaani kwetu Ngamiani, nilipopelekwa kwake siku ya pili, aliuangalia mguu akasema, "Mwanangu, uvimbe wenye moto mie siugusi, rudi ukipoa." Nilimheshimu zaidi kwa neno lile. Ukisugua na kukanda kwa moto siku mbili tatu za kwanza, unazidisha damu kuvilia na uvimbe kukaa.

Sasa mazoezi tiba. Dada wa mazoezi tiba aliyenihudumia hospitali ya Bombo hakuanza na mashine yoyote. Nilikuwa natembea bila magongo, najiona mzima. Akaniambia, "Kaka, simama kwa mguu ulioumia, fumba macho." Sikumaliza hata kuvuta pumzi, nikashika ukuta. Mguu wa kulia nikasimama bila shida. Akanieleza kwamba ndani ya kano kuna neva zinazoupasha ubongo habari mguu umelala upande gani, na kano ikichanika habari hizo zinavurugika, misuli ya nje ya muundi inachelewa kuuvuta mguu urudi. Kutembea kwenye sakafu hakukuonyeshi hilo. Beki akikugusa ukiwa hewani ndipo utalijua, na ndiyo maana wengi hutegua enka ileile tena na tena.

Kipimo cha pili unaweza kumpa leo hapohapo nyumbani. Aweke unyayo mbele ya ukuta, akunje goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka, asogee nyuma kidogo kidogo mpaka mwisho wa uwezo. Pima umbali wa kidole gumba na ukuta, kisha linganisha na mguu mzima. Wangu ulipungua sana, na nilishaanza kuhisi chooni, kuchuchumaa kulikuwa adhabu. Kama anaswali, muulize pia kikao cha tahiyatu. Mguu wa kushoto unaolazwa chini na kukaliwa unavuta kano ileile iliyoumia. Mimi nilikaa kwa kunyoosha mguu kwa muda mrefu tu, na mgonjwa ana ruhusa yake.

Mazoezi yenyewe hayana gharama. Nilikata utepe wa tyubu ya baiskeli, na kwa Tanga tyubu mbovu hukosi, nikaufunga kwenye mguu wa kitanda, nikawa nausukuma unyayo kwenda nje polepole na kuurudisha polepole zaidi. Kuinua visigino, kwanza kwa miguu yote miwili, baadaye mmoja. Kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, halafu juu ya mto uliokunjwa, halafu mtu anakurushia mpira uudake. Hili la mto ndilo lililonitoa jasho, na ndilo watu wanaliacha kwanza kwa sababu linaonekana la kitoto. Baiskeli ilinisaidia kulainisha kifundo bila kukibebesha uzito. Vivyo hivyo kutembea baharini Raskazone maji yakifika kiunoni, kwani hapo mwili unabeba karibu nusu tu ya uzito wake. Mchanga mkavu pekupeku niliuacha hadi mwishoni, unyayo unayumba mno.

Mdogo wako arudi uwanjani kwa ngazi: kukimbia moja kwa moja, kisha kukimbia kwa kuzunguka namba nane, kisha kukata kona na kusimama ghafla, kisha mazoezi na wenzake, mechi ndiyo ya mwisho. Kabla ya mechi aruke kwa mguu mmoja kwenda mbele, na umbali wa mguu ulioumia usipungue asilimia 90 ya ule mwingine. Akiruka na kutua bila woga usoni, mruhusu, na msimu huu wote avae kinga ya kubana kifundo au afungwe plasta ya michezo, maana kwa aliyekwisha kuteguka vinapunguza kurudia.

Niambie goti ukutani limetoa sentimita ngapi kila mguu, na anacheza namba ngapi. Kama ni winga nitakuongezea mazoezi ya kugeuka. Akisikia kifundo kinakwama au kinaachia chenyewe hata baada ya wiki 6, hilo si la kumalizia hapa, arudi hospitali.