Uchawi usimfiche muuaji

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaandika riwaya ya kutisha inayotokea Goma. Mfanyabiashara wa kahawa anakutwa amekufa, bila jeraha lolote, kwenye baraza ya nyumba ya mganga. Mpelelezi, ambaye ni mwanamke, anampenda binti wa mganga huyo, na binti anashukiwa kuituma mizimu ya volkano ya Nyiragongo. Rafiki zangu wanasema kwamba palipo na uchawi hapana fumbo, na kwamba mapenzi ya wanawake hao wawili yanachelewesha upelelezi. Niondoe kipi?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Usiondoe chochote, dada yetu. Rafiki zako wana hoja ya zamani: mwaka 1929 padre Mwingereza Ronald Knox, aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za upelelezi, aliziwekea hadithi hizo amri kumi, na ya pili ilikataza nguvu zisizo za kawaida, kwa sababu msomaji anastahili nafasi ya kumgundua muuaji mwenyewe. Nafasi hiyo, kwa maoni yetu, haipotezwi na uchawi bali na uchawi usio na sheria, ule unaozuka ghafla katika sura ya mwisho.

Sheria zenyewe ziko Goma tayari. Wakazi wanayajua mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, isiyo na rangi, nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo hutuama mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia, na kuua mbuzi na hata watu bila kuacha alama. Ipe mizimu yako tabia hiyo: isipande juu, isistahimili upepo, izime moto. Mapema kabisa, mwonyeshe binti akishusha taa ya mafuta kwenye shimo la mawe meusi ya volkano. Kifuani inawaka vizuri, magotini mwali unalegea, kwenye vifundo vya miguu inazimika. Msomaji atalichukulia kuwa jambo la mandhari tu. Baadaye atakumbuka kwamba baraza imeinuliwa kwa ngazi, mahali ambapo mizimu haifiki, na kwamba basi kuna mtu aliyeibeba maiti kutoka bondeni ili nyumba ya mganga isingiziwe.

Mapenzi nayo yatachelewesha upelelezi ikiwa yamewekwa kando yake tu. Yatie ndani ya fumbo: usiku wa mauaji binti alikuwa na mpelelezi mwenyewe, wala hakuna shahidi mwingine. Mpelelezi akisema, anamwokoa mpenzi wake, lakini ananyang'anywa kesi na siri yao inafika kwa wazazi. Akinyamaza, itambidi amtafute mbebaji kabla binti hajahukumiwa, na kila siku ya ukimya itamuumiza binti anayejua kwamba neno moja lingetosha.

Tunakuomba pia usimuue binti mwishoni. Wapenzi wa namna hii wameuawa vitabuni mara nyingi mno, na msomaji mzoefu ataliona kaburi tangu busu la kwanza.