Maswali ya Wasomaji: Mama Amesajiliwa SHA, Mbona Ametozwa Pesa?

SWALI: Pokea salamu zangu. Nauza mboga soko la Kongowea, Mombasa, na mume wangu ni dereva wa tuktuk. Mama yangu ana umri wa miaka 66, anaishi Kaloleni, na anaugua shinikizo la damu pamoja na kisukari. Alisajiliwa katika bima ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya) na wahudumu waliopita nyumba kwa nyumba, lakini alipolazwa hospitali kubwa tuliambiwa kwamba bima yake hailipi, ikabidi tuchangishane. Je, wazee hawasamehewi kisheria? Na je, naweza kumwingiza mama katika bima yangu? – Msomaji, Kongowea

JIBU: Dada yangu, pole kwa mzigo huo. Yaliyowapata yamewapata wengi, kwa sababu kujisajili ni jambo moja na kulipiwa mchango ni jambo jingine, na wakati wa usajili tofauti hiyo haikuelezwa kwa mkazo iliostahili. Waliojisajili wamepita milioni 20, lakini kati ya wasioajiriwa, wanaolipa mchango ni sehemu ndogo tu.

Chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika hospitalini tarehe 1 Oktoba 2024 na kuiondoa NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyokuwepo tangu 1966, fedha za matibabu zimegawanywa katika mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi. Unagharamiwa na serikali, na ndio unaolipia huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, kwa yeyote aliyesajiliwa hata kama hajachangia shilingi. Wa pili ni wa bima yenyewe, unaotegemea michango na kulipia kulazwa, upasuaji, usafishaji wa figo na mengineyo katika hospitali za ngazi za juu. Wa tatu unashughulikia dharura na magonjwa sugu, hasa pale kiwango cha mfuko wa pili kinapokwisha. Mama yako alikuwa na haki katika mfuko wa kwanza, lakini alilazwa mahali ambapo mfuko wa pili ndio unaolipa.

Kwa hiyo, kwa vipimo vya kila mwezi vya presha na sukari, mwanzieni katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, hata kama mmezoea kwenda moja kwa moja hospitali ya kaunti. Najua mtaniambia kwamba dawa huko huisha. Malalamiko hayo ni ya kweli, na kwa mgonjwa wa sukari huduma ya bure isiyo na dawa haimfikishi mbali. Hata hivyo ushauri na vipimo vyenyewe havipaswi kumgharimu.

Kuhusu msamaha, umri peke yake hauondoi mchango. Katiba ya 2010 inamtambua mzee kuwa mtu aliyetimiza miaka 60, na kifungu cha 57 kinampa haki ya kutunzwa na jamaa zake na serikali, ilhali fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi, zimewalenga wazee kuanzia miaka 70. Mama yako ameangukia katikati: ni mzee kwa Katiba, si mzee kwa mpango wa fedha. Njia iliyobaki ni mpango wa serikali wa kuwalipia wasiojiweza, na mlango wake ni tathmini ya uwezo wa kaya, ambapo mtu huulizwa mambo kama paa, sakafu, choo na nishati ya kupikia. Hapa nina shaka yangu. Nyumba ya bati aliyojengewa mzee na mwanawe wa mjini inaweza kumwonyesha kuwa na uwezo, na bati halilipi hospitali. Mwombeni mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwao aangalie majibu yaliyoandikwa, na mkiona hayalingani na hali halisi, ombeni tathmini irudiwe.

Ikiwa hatapata ufadhili huo, mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kikwazo ni kwamba asiyeajiriwa hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600 kwa kiwango hicho cha chini, na kwa mtu anayehesabu faida ya sukuma wiki jioni kwa jioni hiyo ni fedha nyingi. Kuanzia 2025 upo utaratibu wa Lipa SHA Pole Pole unaoruhusu kulipa kidogokidogo, na unaweza kuuliza kwa kupiga *147#. Hata kwa simu ya kabambe, ile isiyo na intaneti, inawezekana.

Kumwingiza mama katika bima yako haiwezekani, kwani bima ya kaya humbeba mwenzi wa ndoa na watoto, si wazazi. Unachoweza kufanya ni kumlipia mchango kwa namba yake ya kitambulisho. Hakikisheni pia ni namba ya simu ya nani iliyoandikwa aliposajiliwa. Wazee wengi wamesajiliwa kwa simu ya mjukuu, kisha pale matibabu yanapothibitishwa kwa namba inayotumwa kwa simu, namba hiyo huenda kwa mjukuu aliye mbali huku mgonjwa akisubiri dirishani.

Na ikitokea dharura, kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hospitali haina ruhusa ya kudai malipo kwanza.

SWALI: Mimi nimeajiriwa, mshahara wangu ni shilingi 100,000. Mbona nakatwa zaidi ya zamani? – Msomaji, Nakuru

JIBU: NHIF ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,700, nawe ulikuwa ukilipa kiasi hicho. SHA hukata asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, bila kikomo, ndiyo maana sasa ni 2,750. Wazo ni kwamba mwenye kipato kikubwa amsaidie mwenye kidogo, nami naliunga mkono, ila haki ingeonekana zaidi kama wasioajiriwa wenye biashara kubwa nao wangelipa kulingana na mapato yao halisi.