Ruta yangu ina Linux ndani: niibadilishe?

SWALI: Fundi aliyekuja kurekebisha intaneti ameniambia ruta na kamera zangu za ulinzi zinaendeshwa na Linux, mfumo endeshi wa bure ambao msimbo wake uko wazi, hivyo mdukuzi anaingia atakavyo. Anataka kuniwekea "mfumo wa kulipia". Nikubali?

JIBU: Usimpe hata senti, ndugu yangu. Swali hili hunifikia kila mara kwa sura mpya, na kinachoniudhi ni ujasiri wa hao mafundi. Muulize mfumo huo ni upi. Akitaja RouterOS ya MikroTik, ambayo kweli huuzwa kwa leseni, nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux hichohicho.

Kwa hoja yake, itupe na runinga janja. Ingia kwenye mipangilio, tafuta taarifa za kisheria, ule ukurasa asiousoma mtu. Kwenye runinga nyingi utakuta maandishi marefu ya leseni, na humo majina Linux na BusyBox, kifurushi cha programu ndogondogo zinazoandamana na Linux. Simu ya Android vilevile. Kompyuta 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani zote zinatumia Linux tangu Novemba 2017, na helikopta Ingenuity iliyoruka Mirihi mwaka 2021 ilikuwa nayo.

Msimbo kuonekana si tatizo. Tundu likigunduliwa, kiraka, yaani programu ya kuliziba, hutengenezwa. Kasheshe ni kwamba mtengenezaji wa kamera hakuletei, au amekuletea nawe hukukiweka. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa malaki. Hakikuhitaji kusoma msimbo wa mtu. Kilibisha hodi kupitia Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kutoka mbali, kikijaribu jozi kama 60 za majina na nywila za kiwandani, mtindo wa admin na admin. Kifaa cha bei mbaya chenye msimbo wa siri kingefunguka vilevile.

Badilisha nywila leo. Zima Telnet na usimamizi wa mbali, kisha tazama tarehe ya toleo la programu iliyomo. Ikiwa mtengenezaji ameshakitelekeza kifaa, ndipo OpenWrt, mfumo huria wa ruta, inapofaa, maana waundaji wake bado wanatoa viraka.

Lakini hapo ndipo mafundi wa kubahatisha wanapoua ruta za watu. Ruta mbili za jina moja huweza kuwa na chipu tofauti, na tofauti hiyo imeandikwa kwenye kibandiko cha chini: v1, v2, v3. Ruta ikiwekewa faili ya OpenWrt isiyo ya toleo lake, huenda isiwake tena. Anayechomeka flashi yake kabla ya kuipindua ruta akasome kibandiko, mwonyeshe mlango.