Nini kinashikilia dari ya Westminster Abbey?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Nilipotazama Mfalme Charles III akitawazwa Mei 2023, dari ya Westminster Abbey ilinishangaza: mawe matupu, juu sana, na kuta zimejaa vioo. Nini kinazuia kuta hizo zisisukumwe nje? Na ni kweli ujenzi ulichukua zaidi ya miaka 200?

Jibu: Marahaba. Dari ya matao haikandamizi chini tu, inasukuma pia pembeni, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani inavyotaka kuteleza mguuni. Pale iko juu karibu mita 31, na ukuta uliotobolewa madirisha makubwa namna ile hauwezi kuhimili peke yake. Basi mbavu za mawe hukusanya mzigo kwenye nguzo za ndani, kisha matao yaliyojengwa nje, yakining'inia hewani, huupokea ule msukumo na kuupeleka kwenye nguzo nene zilizosimama mbali na ukuta, hadi kwenye msingi. Upande wa kusini palikuwa na ua wa watawa wenye baraza. Mafundi wakazisogeza nguzo hizo ng'ambo ya baraza, wakarusha matao juu yake. Mimi naupenda mno upande ule: ukisimama uani unaiona hesabu nzima ya jengo kwa macho.

Kuhusu miaka, ni kweli. Mfalme Henry III wa Uingereza alianza mwaka 1245, akibomoa kanisa la Mtakatifu Edward, mfalme wa zamani wa Uingereza, lililowekwa wakfu Desemba 1065, ambamo William Mshindi, aliyeiteka Uingereza, alitawazwa Krismasi ya 1066. Alitaka kanisa la kushindana na Reims, walikotawazwa wafalme wa Ufaransa. Gharama zikamlemea hata akaweka rehani vito vya kaburi la Edward mwaka 1267. Alipofariki 1272 upande wa magharibi ulikuwa bado ule wa zamani, na kwa takriban karne nzima jipya na kuukuu yalibaki yameshikana.

Kazi iliendelea tena 1376, dari ikakamilika mapema miaka ya 1500. Minara ya mbele ni ya 1745. Kazi ilipoendelea 1376 mitindo ya ujenzi ilikuwa imeshabadilika, lakini mwashi mkuu Henry Yevele alifuata ramani ya zamani, uamuzi wa heshima kubwa kwa waliomtangulia. Ukitaka kuona walipoungia, angalia ukuta juu ya matao ya ndani: sehemu ya Henry III imechongwa maua madogo ndani ya vimraba, ile ya baadaye haina nakshi hiyo.