Jee, kunguru wananijua sura?

SWALI: Hamjambo wapendwa, mimi nauza bajia na viazi karai hapa Majengo, sasa kuna hawa kunguru wa shingo ya kijivu wananionea wallahi, mume wangu akikaa mezani hawasogei, mimi nikigeuka tu bajia ishaenda. Na tangu nimrushie mmoja mwiko, nikitoka mlangoni wanapiga makelele juu ya waya mpaka majirani wacheka. Wananijua ama naanza kurukwa na akili?
Mama Bajia, Majengo

JIBU: Akili zako timamu mamangu, wanakujua. Mwaka 2006 huko Seattle, Marekani, profesa John Marzluff na wenzake walivaa sura ya bandia ya mtu wa mapangoni, wakanasa kunguru 7, wakawatia pete miguuni wakawaachia. Baada ya hapo yeyote aliyepita chuoni na sura ile, awe mwanamume awe mwanamke, alifokewa, na aliyevaa sura ya Dick Cheney (makamu wa rais wakati huo, sijui nani aliichagua) wakamwacha ajipitie zake. Tena miaka ilivyokwenda wanaofoka wakazidi kuwa wengi, hata ambao hawakunaswa, maana makinda hufunzwa na wazazi na wengine waona mwenzao apiga kelele nao wadakia.

Wale ni aina nyengine, ni kweli. Hawa wetu asili yao Bara Hindi, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, Mombasa wakaonekana 1947, lakini ukoo ni mmoja na chakula chao ni mabaki yetu, kwa hivyo kumsoma mtu ndio kazi yao. Watafiti wana kipimo rahisi cha woga wa ndege kwa mtu, unamwendea ndege polepole unaangalia umbali uliobaki akiruka, na wa mjini kwa kawaida hukungoja karibu kuliko wa shamba. Mjaribu wewe na mzee, kila mtu kivyake.

Sasa hiyo mwiko wacha, wamfunza tu kuwa wewe ndiwe adui yake. Tumia kawa, makombo usimwage hapo, na usiwape mgongo: 2019 huko Uingereza watafiti waliweka chipsi chini, shakwe waliotazamwa wakachelewa kuzifikia kwa wastani wa sekunde 21 zaidi. Hizo zatosha kufunika karai. Mumeo aliwafanya nini mpaka wamuogope hivyo, hilo muulize mwenyewe.