Sofna ipo na maji ni laini, mbona bado tupige blodauni?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Naendesha boila kwenye kiwanda cha sabuni hapa Tanga. Tumefungiwa sofna mpya, ule mtambo wa kulainisha maji, na kila nikipima ugumu wa maji napata sifuri. Msimamizi akasema basi, blodauni, yaani kumwaga sehemu ya maji ya ndani ya boila, sasa ni kupoteza bure mafuta ya kuchomea, tupige mara moja kwa wiki. Tangu hapo maji yanarukaruka kwenye kioo cha boila, na mvuke unafika kwenye matangi ya kupikia ukiwa umelowa. Sofna ni mbovu?

JIBU: Marahaba. Sofna yako ni nzima. Yenyewe inakamata kalsiamu na magnesiamu, inaachia sodiamu mahali pake. Hizo mbili ndizo zinazogandisha ukoko juu ya mabomba, kama wa chungu cha wali, na kwa ardhi yetu ya mawe ya chokaa, Amboni mpaka Pongwe, mwenye kisima asithubutu kuendesha boila bila sofna. Lakini chumvi imebadilishwa aina tu, haijapungua. Maji laini bado ni maji ya chumvi.

Umeshapita kwenye mashamba ya chumvi huku pwani? Jua linakula maji, chumvi inabaki chini. Boila ni shamba la chumvi lenye moto. Mvuke unaondoka karibu mtupu, chumvi inabaki na kurundikana, TDS, kipimo cha chumvi iliyoyeyuka kwenye maji, inapanda hadi maji yanatoa povu. Povu nyie watu wa sabuni hamfundishwi. Ndilo linalochezesha kioo chako, na ndilo linalosukuma maji kwenye bomba la mvuke.

Sasa piga hesabu, umpelekee msimamizi. Boila nyingi za aina yenu, ambazo moshi hupita ndani ya mabomba, huachwa zifike TDS ya miligramu 3,500 kwa lita hivi, ila kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho. Tuseme maji yanayoingia yana 350. Toa 350 kwenye 3,500, inabaki 3,150. Gawanya 350 kwa 3,150, unapata 0.11: kila lita 100 zinazogeuka mvuke, lita 11 zitoke kwa blodauni. Wiki nzima hamwezi kuisubiri.

Ukipima TDS ya boila, sampuli ipitishe kwenye kipozeo kwanza. Kwa presha ya baa 7 maji ya ndani yana nyuzi 170 hivi; ukiyafungulia kwenye ndoo, sehemu inaruka kuwa mvuke, kipimo kinasoma juu kuliko ukweli, na mkono unababuka.

Msimamizi naye ana hoja, maji ya blodauni yanatoka na joto lake, mafuta yanapotea kweli. Dawa yake ni kondenseti, maji yanayopatikana mvuke ukishapoa. Mnairudisha, au inaishia mtaroni? Haina chumvi ya maana na inarudi moto. Nusu ya maji ya kulishia ikiwa kondenseti, TDS inayoingia inashuka hadi 175, na blodauni inatosha lita 5 na kidogo kwa kila 100.

Ila kwenu nina wasiwasi mmoja. Koili ya tangi la kupikia, lile bomba la mvuke lililojikunja ndani yake, ikitoboka, mafuta ya sabuni yanaingia kwenye kondenseti, na hapo povu la leo mtalionea huruma. Kabla hamjaunganisha bomba la kurudishia, kinga kondenseti ya kila tangi kwenye chupa nyeupe, iache ipoe, utazame kama juu kuna utando.