Toboa kidole kabla ya kusema ni wazimu

Mzee aliletwa saa tano usiku kwa Probox, amefungwa kamba ya katani mikono na miguu, vijana wanne wamemkalia. Walikuwa wametoka upande wa Ahero, karibu na Kisumu, kwenye matanga ya ndugu yake. Anatukana, anatema mate, shati limelowa chapachapa. "Daktari, mdunge ya kulala," kijana mmoja akaniambia. Daktari sikuwa. Nilikuwa muuguzi wa zamu mwenye miaka mitatu kazini, na haloperido, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, nilikuwa nimeshaivuta kwenye bomba la sindano.

Aliyeninusuru ni sista mmoja aliyekuwa amerudi juzijuzi kutoka masomo ya uuguzi wa akili. Hakunigombeza. Aliushika ule mkono uliofungwa, akaupapasa, akauliza, "Jasho lote hili, na mwili baridi hivi?" Akatoboa kidole. Sukari ilikuwa 1.9, chini mno. Kumbe mzee ana kisukari. Asubuhi alimeza glibenklamidi, kidonge chake cha kushusha sukari, kama kawaida, kisha kwa shughuli za msiba hakutia kitu mdomoni kutwa nzima. Dekstrosi, yaani maji ya sukari, ilipoingia mshipani hazikuisha dakika kumi. Akatulia, akazitazama zile kamba, akauliza viatu vyake viko wapi.

Tulimlaza hadi kesho yake, maana dawa ile hukaa mwilini na sukari huweza kushuka tena. Mimi sikulala. Ningemdunga, angenyamaza, na sote tungeshukuru kwamba amenyamaza.

Wauguzi wadogo zangu huniuliza kama masomo ya afya ya akili yana faida. Jibu langu huanzia kwa yule mzee. Wengi wanadhani mtu huenda kujifunza kuwadhibiti wakali. Nilichokwenda kujifunza mimi, na ambacho bado kinanilisha, ni kulishuku lile jina ambalo mgonjwa amekuja nalo kutoka nyumbani.

Huku kwetu ziwani jina huja mapema. Ukifika hospitali umeshaitwa janeko, yaani mwendawazimu kwa Dholuo, na kijiji kizima. Uliza kwanza: yameanza lini? Kama ni juzi, kwa ghafla, na mgonjwa leo asubuhi alikuwa sawa, mchana kapotea, jioni karudi, shuku mwili, yaani ugonjwa wa mwili na si wa akili. Kama hajui yuko wapi wala ni saa ngapi, shuku mwili. Kama anaona vitu zaidi ya kusikia sauti, shuku mwili. Mtu wa miaka sitini ambaye hajawahi kuugua akili, shuku mwili mara mbili. Skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, kwa kawaida huanza ujanani, na kijana anayesikia sauti mara nyingi atakuambia bila kukosea kwamba leo ni Jumanne.

Malaria kupanda kichwani bado iko, hasa kwa watoto. Pombe nayo ina ujanja wake: jamaa amelazwa kwa mguu uliovunjika, siku ya pili au ya tatu anaanza kutetemeka na kufukuza wadudu kwenye shuka ambao wewe huwaoni. Wodi nzima inasema amerogwa. Muulize mkewe alikuwa anakunywa chang'aa kiasi gani. Huyo pombe imemkatikia ghafla; anataka diazepamu ya kumtuliza na thiamini, yaani vitamini B1, na bila matibabu anaweza kufa. Miaka ya nyuma tuliwaona pia waliovurugwa usingizi na ndoto na efavirenzi, dawa ya VVU, kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake.

Masomo yenyewe: baada ya diploma ya uuguzi na usajili wa Baraza la Wauguzi, kuna diploma ya juu ya uuguzi wa akili, ya mwaka mmoja, katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba Kenya. Sehemu kubwa ya mazoezi yangu ilikuwa Mathari, Nairobi, hospitali ya akili iliyotimiza miaka mia moja zamani. Ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na kabla ya hapo palikuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ukitaka kuendelea kuna shahada ya uzamili vyuo vikuu. Nadharia utaisoma, haina shida. Usiache mazoezi yapite hivihivi. Omba kukaa na mgonjwa mmoja tangu siku anapoingia hadi anapoondoka, na uandike maneno yake mwenyewe kwenye faili. "Mgonjwa ana fujo" hakumsaidii atakayekupokea zamu. "Anasema jirani amemwekea redio kichwani" kunamsaidia sana. Akisema kwa Dholuo, andika kwa Dholuo, tafsiri chini yake.

Jambo ambalo darasani lilipita kwa nusu saa, na kazini linanila wiki nzima, ni shingo. Kijana wa boda boda alipewa haloperido, akaruhusiwa. Siku ya pili shingo ikajipinda upande, macho yakapanda juu. Mama yake akaona pepo limepata nguvu, akamkimbiza kwenye maombi, na vidonge vikatupwa chooni. Kumbe ni misuli tu iliyokazwa na dawa, jambo ambalo sindano ya promethazini hulimaliza. Miezi minne baadaye alirudishwa akiwa amefungwa. Tangu hapo simruhusu mtu kuondoka kabla sijamwonyesha mama au mke, kwa shingo yangu mwenyewe, jinsi inavyopinda. Wanacheka. Lakini wanakumbuka, na wanarudi.

Sasa hili la kusomea ubingwa wa uuguzi wa akili wa Marekani, kwa sababu kila kundi la WhatsApp la wauguzi lina mtu analisifia. Ni kweli, kule muuguzi bingwa wa akili hupima, hutaja ugonjwa na kuandika dawa, na katika baadhi ya majimbo hufanya hivyo bila daktari kumsimamia. Lakini inahitaji shahada ya uzamili au ya udaktari wa uuguzi, na ili kufanya mtihani wa ubingwa unahitaji angalau saa 500 za kazi na wagonjwa chini ya msimamizi. Ukisomea mtandaoni, uliza mapema nani atakutafutia msimamizi huyo. Vyuo vingine hukuachia mwenyewe, na ada inaendelea kulipwa. Huku kwetu, kwenye kliniki, unaweza kufanya kazi inayokaribiana na hiyo bila cheo wala mshahara wake. Daktari bingwa kwetu huja siku moja kwa wiki. Siku nyingine ni mimi na foleni.

Sasa malalamiko yangu: nilipomaliza mwaka ule, mwajiri wangu alinipeleka wodi ya kina mama kujifungua. Miezi minane nazalisha, cheti cha akili kiko kwenye droo. Kwa hiyo, dada, na wewe kaka, kabla hujaondoka pata barua mbili: ya ruhusa ya masomo yenye mshahara, na nyingine inayotaja kitengo utakachorudia. Maneno ya ofisini hayatoshi, maana aliyekuahidi huenda ukirudi kashahamishwa. Wakikunyima ruhusa, omba tena mwaka unaofuata, na nakala ya barua ya kwanza uiambatishe. Mimi walinikubalia mara ya tatu.